Ufunguo wa pili wa gari: nani mwenye haki ya kuutengeneza?

Julai mwaka 2019 nilikwama Kobero siku mbili, na aliyenikwamisha hakuwa afisa wa forodha wala askari wa barabarani. Karatasi zangu zote zilikuwa sawa, mzigo wa sabuni na vitenge kutoka upande wa Kabanga ulikuwa umekwisha kulipiwa ushuru, na gari lenyewe, RAV4 ya mwaka 2003, halikuwa na kasoro yoyote. Kilichopotea ni ufunguo. Uliniponyoka mahali fulani kati ya kibanda cha chai na foleni ya mihuri, na pamoja na vijana niliowaahidi zawadi tuliupekua uwanja ule mpaka giza likaingia.

Kijana mmoja fundi akaja akaniambia, "Mzee, hii si shida. Navunja swichi, naunganisha nyaya, jioni hii uko Muyinga." Akavunja kweli. Stata ikazunguka, injini ikanguruma sekunde moja au mbili, ikazima. Akarudia, ikazima tena. Taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi ilikuwa inapepesa kana kwamba inatucheka. Baada ya jaribio la sita kijana akakusanya bisibisi zake na kusema neno ambalo lilinigharimu pesa nyingi: "Mzee, hili gari lina chipu."

Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu suala la funguo za magari sasa limeingia katika mabunge na mahakama za nchi za mbali. Huko wanabishana nani aruhusiwe kutengeneza ufunguo: mwenye gari, fundi wa mtaani au kampuni iliyoliunda gari. Sisi tunaoyanunua magari hayo baada ya wao kuyachoka bado tunakagua matairi na rangi, na tunasahau kuhesabu funguo. Na ubishi wa wenzetu unasafiri ndani ya magari hayohayo hadi hapa mpakani.

Tuanze na chipu yenyewe. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna kidude kidogo kisicho na betri. Kuzunguka tundu la swichi kuna pete ya waya. Ukiingiza ufunguo, pete hiyo inaupa umeme kidogo kwa njia ya hewa, nao unajibu kwa kutaja namba yake. Kompyuta ya gari inaitafuta namba hiyo katika orodha yake. Ikiwamo, injini inaruhusiwa kuendelea. Isipokuwamo, kompyuta inakata petroli au moto wa plagi, na hakuna kuunganisha nyaya kutakakosaidia, kwa kuwa kufuli halisi haliko kwenye swichi. Mafundi wanakiita kifaa hiki imobilaiza. Umoja wa Ulaya uliamuru kiwe katika kila gari dogo jipya kuanzia Oktoba 1998, Australia ikafuata Julai 2001, na Kanada Septemba 2007. Kwa hiyo aliyeleta gari kutoka Antwerp lililotengenezwa mwaka 2000 ana chipu mfukoni hata kama hajui. Magari ya Japani ni mchanganyiko: nimeshika funguo za Probox na Corolla za zamani ambazo ni chuma kitupu, na nimeona Harrier za umri uleule zenye chipu.

Hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili. Rimoti ile yenye vitufe vya kufunga na kufungua milango ni redio ndogo yenye betri yake. Chipu ni kitu kingine, hata kama vyote viwili vimo katika plastiki moja. Betri ya rimoti ikifa, milango haitaitikia kitufe lakini injini itawaka, maana chipu haihitaji betri. Na kinyume chake, unaweza kununua sokoni rimoti nzuri inayofungua milango huku injini ikikugomea kabisa. Nimeona wafanyabiashara wakigombana na wauza spea kwa sababu hiyo, kila mmoja akimwita mwenzake mwizi, kumbe wote hawakujua wananunua na kuuza nini. Tena rimoti za magari ya soko la Ulaya hutumia masafa ya megahezi 433, za Marekani kwa kawaida 315, na za Japani ziko jirani na hizo za Marekani. Rimoti ya gari la Dubai au Ubelgiji haitazungumza na gari lililotoka Yokohama, hata zikifanana kama mapacha.

Gari langu lililetwa na kaka yangu anayeishi Ubelgiji. Alilinunua kwa mtu, akalipeleka bandarini Antwerp, likaja kwa meli hadi Dar es Salaam. Lilifika na ufunguo mmoja wa kichwa cha kijivu. Nilipouliza wa pili uko wapi, kaka alisema muuzaji aliutafuta akaukosa, na mimi nikaona si hoja ya kuchelewesha gari. Hilo lilikuwa kosa langu, na nalieleza waziwazi kwa sababu najua linarudiwa kila mwezi. Katika Toyota za miaka ile funguo zilikuwa za madaraja mawili. Wenye kichwa cheusi ni mkuu: unaendesha gari, na pia unaweza kuliamuru lisajili ufunguo mwingine. Wa kijivu ni wa kumpa mlinzi wa maegesho au mwosha magari: unaendesha, basi. Nilikuwa nimeishi na gari langu miaka mingi kama mpangaji, mwenye nyumba akiwa mzee mmoja wa Ubelgiji asiyejua hata kwamba ameuweka wapi ufunguo wake.

Sasa tuje kwenye kile ambacho mwenye gari anaweza kukifanya mwenyewe, maana wengi wanadhani lazima kompyuta ya kampuni. Kwa magari mengi ya kati ya miaka ya 1990 mwishoni na miaka ya 2000, watengenezaji waliacha mlango wa nyuma kwa makusudi, na utaratibu wake mara nyingi umeandikwa katika kitabu cha gari.

Ford nyingi zinataka funguo mbili zinazofanya kazi. Unaingiza wa kwanza, unawasha swichi sekunde chache bila kupiga stata, unazima, unaingiza wa pili haraka na kufanya vilevile, kisha unaingiza ule mpya, nao unasajiliwa. Chrysler na Jeep nyingi zina utaratibu wa namna hiyohiyo. Angalia ujanja uliomo: ukiwa na funguo mbili, wa tatu ni bei ya chuma na chipu tu. Ukibaki na mmoja, mlango umefungwa, na kazi hiyohiyo inahitaji mashine. Baadhi ya magari ya General Motors yanakubali hata bila ufunguo wa zamani, ila yanakutoza subira. Unawasha swichi na kungoja kama dakika 10 mpaka taa ya usalama izime, unazima, unarudia, mara 3. Nusu saa nzima. Wazo lao ni kwamba mwizi hana nusu saa.

Upande wa rimoti ni rahisi zaidi. Katika Nissan nyingi za kipindi hicho unajifungia ndani ya gari, unaingiza na kuchomoa ufunguo mara 6 upesi mpaka taa za hatari zipepese, unawasha swichi hatua ya kwanza, unabonyeza kitufe cha rimoti mpya, na taa zikipepesa tena kazi imekwisha. Toyota wana mchezo wa kufungua na kufunga mlango wa dereva huku ukiingiza na kuchomoa ufunguo, na gari linakujibu kwa kufunga na kufungua milango lenyewe. Hesabu zinatofautiana kwa modeli, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako badala ya kumwiga jirani. Na kuna mtego: katika Toyota ipo njia ya kuongeza rimoti na ipo njia ya kuandika upya, na hiyo ya pili inafuta rimoti zote za zamani. Ukikosea hesabu unaweza kujikuta umezifuta za familia nzima.

Kwangu mimi pale Kobero hakuna lolote kati ya haya lililowezekana, kwa kuwa yote yanaanza na ufunguo ulio hai. Siku ya tatu lori lilinivuta hadi Bujumbura, na gari likashushwa Buyenzi, ambako mafundi wa umeme wa magari wamejaa kila kona na Kiswahili ndicho lugha ya kazi. Fundi, mtu mzima mwenye miwani, aliniuliza swali moja tu: "Kaka, una kadi ya gari?" Nikampa. Aliisoma namba ya chasisi, akaenda kuilinganisha na ile iliyogongwa kwenye bodi, ndipo akavua koti. Alifungua boksi la kompyuta ya gari, akakitoa kwa moto wa solda kidude cha kumbukumbu chenye miguu 8, akakisoma kwenye mashine yake, akakiandika upya ili gari lisahau funguo zote na kukubali ule wa kwanza litakaouona. Kazi yenyewe haikuzidi saa 2. Pamoja na kuvutwa, swichi mpya na malipo yake, niliacha pale pesa ambayo ingenunua matairi manne mapya. Sikumnung'unikia. Nilijinung'unikia mwenyewe.

Ufunguo ule wa kwanza ulikuwa mkuu, kwa hiyo jioni iliyofuata nilinunua ufunguo mtupu wenye chipu ya aina ileile, nikauchongesha, nikaingia garini uani kwangu na binti yangu akihesabu kwa sauti. Ufunguo mkuu kwenye swichi. Pedali ya mafuta mara 5. Breki mara 6. Chomoa, ingiza mpya, mafuta mara moja, subiri dakika moja. Taa nyekundu ikazima. Mara ya kwanza tulikosea kwa sababu mtoto aliruka kutoka tatu hadi tano, mara ya pili gari likakubali. Gharama yake haikufika hata moja ya kumi ya ile ya Buyenzi. Njia hii ya pedali ni ya Toyota za kizazi kile, wala usiijaribu kwenye gari la juzi ukitegemea muujiza.

Sasa, kwa nini jambo rahisi hivi limekuwa la kisiasa? Kwa sababu mlango wa nyuma uliomfaa mwenye gari ulimfaa pia mwizi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA huko Marekani walionyesha kuwa chipu iliyotumiwa na Ford na wengine inaweza kuvunjwa kwa sababu siri yake ilikuwa fupi mno. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya London, kwa ombi la Volkswagen, ilizuia watafiti wa Uingereza na Uholanzi kuchapisha udhaifu wa chipu nyingine, na makala hayo yalitoka mwaka 2015 tu, yakiwa yamekatwa sentensi moja. Mwaka 2020 ikawa zamu ya chipu za Toyota, Kia na Hyundai. Lakini angalia upande wa pili: Marekani haikuwahi kulazimisha imobilaiza kwa sheria, na mamilioni ya Kia na Hyundai yaliuzwa huko bila kifaa hicho. Vijana wakagundua kwamba yanawashwa kwa kichwa cha waya wa USB, wizi ukaenea kama moto wa nyika, na Februari 2023 kampuni hizo zikatangaza marekebisho ya bure ya programu kwa magari yapatayo milioni 8.3. Anayesema chipu ni usumbufu mtupu akumbuke hilo.

Majibu ya serikali yamekwenda njia mbili. Jimbo la Massachusetts, kwa kura ya wananchi mwaka 2012, liliamua kuwa mwenye gari na fundi wake wana haki ya kupata taarifa za matengenezo kama wakala wa kampuni. Kwa upande wa funguo, Marekani ina daftari la mafundi waliokaguliwa, ambao wanaruhusiwa kupewa namba za siri za funguo kwa sharti la kuthibitisha kwanza kwamba mteja ndiye mwenye gari na kuweka kumbukumbu. Njia ya pili ni kupiga marufuku vifaa. Februari 2024 serikali ya Kanada ilitangaza kwamba itazuia kifaa cha mkononi kiitwacho Flipper Zero, kisha mwezi uliofuata ikalegeza na kusema inalenga matumizi ya uhalifu. Februari 2025 serikali ya Uingereza ilipeleka bungeni muswada unaofanya kosa la jinai kumiliki vifaa vya kielektroniki vya kuibia magari, adhabu ikifika kifungo cha miaka 5.

Msomaji atasema hayo ni ya wazungu. La hasha. Mwaka 2015 Lexus iliyoibwa Uingereza ilifuatwa kwa kifaa chake cha kutafutia hadi bandari ya Le Havre, ikapitia Oman, ikashuka Mombasa na kuishia Uganda, ambako polisi walikuta pia magari mengine ya wizi kutoka Uingereza. Kanada ilipounganisha orodha yake ya magari yaliyoibwa na ile ya Interpol mwezi Februari 2024, zaidi ya magari 1,500 yalitambuliwa duniani katika miezi michache tu. Machi 2025, katika msako wa Interpol uliohusisha nchi 12 za Afrika, yaligunduliwa magari ya wizi kama 150, na mengi yalikuwa yametoka Kanada. Magari hayo hayaji na funguo zake za kiwandani. Yanakuja na funguo mpya zinazong'aa, zilizoprogramiwa usiku na watu wanaojua kazi.

Ndiyo maana mimi siungi mkono marufuku, na siungi mkono holela. Yule fundi wa Buyenzi alifanya bila kuamriwa kile ambacho daftari la Marekani linalazimisha: aliomba kadi, akalinganisha chasisi, ndipo akashika bisibisi. Ukimnyang'anya mashine yake, mwizi hataathirika maana yeye hanunui dukani. Atakayeumia ni mama mwenye Noah ya abiria aliyedondosha ufunguo mtoni, kwa sababu wakala wa kampuni yuko mji mwingine, pengine nchi nyingine. Halmashauri na vyama vya mafundi vingeweza kuanza na kitu kidogo sana: daftari la karatasi lenye namba ya chasisi, jina la mwenye kadi na tarehe, kwa kila ufunguo unaotengenezwa. Hilo halihitaji mfadhili.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi ya ufunguo uliopotea, nalo ni ufunguo uliobaki kwa mwingine. Gari linapitia mikono ya dereva wa bandarini, wakala, mlinzi wa yadi na dereva wa kulivusha. Chipu nyingi za zamani zinaweza kunakiliwa katika dakika chache, na kompyuta ya gari haioni tofauti: nakala na mama yake ni ufunguo mmoja kwake. Kwa hiyo ukinunua gari la miaka hiyo, usiridhike kuongeza ufunguo wako. Mwambie fundi afute orodha yote, aandike upya zile tu ulizo nazo mkononi. Kama mojawapo ni ileile iliyopita bandarini, mbadilishie chipu.

Na mambo yanazidi kuwa mapya. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 imekataza yaliyozidi 15. Sheria hizo zina sababu zake, moshi na ajali, lakini matokeo yake ni kwamba chuma na pedali vinatoweka na kitufe cha kubonyeza kinachukua nafasi. Funguo hizo za kisasa hazikubali mchezo wa milango. Toyota ya kitufe iliyopoteza funguo zote inabidi kuunganishwa kwa mashine kwenye soketi ya miguu 16 chini ya usukani, na katika nyingi kompyuta inang'ang'ania kungoja dakika 16 kabla ya kukubali kusahau zamani zake. Betri ya gari ikishuka katikati ya dakika hizo, fundi ana kesi nyingine. Nimeona fundi akifunga chaja kwanza kabla hajagusa kitu, nikajua huyo ameshaungua siku moja. Jambo jepesi kwa wenye magari haya: betri ya ufunguo ikifa, gusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe cha kuwashia, na chomoa kile chuma kilichofichwa ndani yake kufungulia mlango. Watu wanaita gari la kuvuta kwa kukosa kujua hilo.

Wanaorudi nyumbani na magari kutoka Ulaya au Ghuba wana nafasi ambayo sisi huku hatuna: bado wako karibu na muuzaji. Kabla hujalipa, mwambie akupe funguo zote na uwashe injini kwa kila moja. Omba kile kibati kidogo chenye namba ya kuchongea, ambacho mara nyingi kimelala ndani ya bahasha ya kitabu cha gari. Kama ni ufunguo mmoja tu, tengenezesha wa pili hukohuko kabla ya meli, kwa stakabadhi yenye jina lako. Mpeleke bandarini dereva na mmoja, na mwingine usafiri na wewe. Wa Mercedes za miaka ya 2000 wasihangaike na habari za kujiprogramia, ule ufunguo wa plastiki usio na meno ni wa kuagizwa kwa namba ya chasisi, na Ulaya ndiko urahisi uliko.

Ule ufunguo mweusi wa RAV4 yangu ulipatikana. Mwaka mmoja baadaye yule mzee wa Ubelgiji alihama nyumba, akaukuta kwenye droo ya jikoni, akamtafuta kaka yangu na kumpa, nao ukanifikia ndani ya bahasha iliyobebwa na shemeji. Swichi ilikuwa imebadilishwa Buyenzi na kompyuta ilikuwa imekwisha kuusahau. Nilienda nao uani kuujaribu. Unafungua milango.